Uzito wa Jino la Mzee Anuari

Nyundo ilishuka mara ya tatu na jino halikuvunjika.

"Umeona mwenyewe?" Daktari Thobias aliuliza, akiweka nyundo mezani.

Kilichovunjika ni tofali alilolitumia kama fuawe. Jino lenyewe lilikuwa limeruka, likajibanza chini ya kabati la dawa, na Inspekta Khairat ndiye aliyepiga magoti kulitafuta, na suruali aliyoipiga pasi asubuhi ikaingia vumbi lote la kliniki ile. Alilipata, akalifuta, akaligeuza mbele ya dirisha. Halikuwa na hata mkwaruzo. Hilo lilimuudhi kuliko vumbi.

"Hiyo ni zirkonia," daktari alisema. "Kauri za meno si kitu kimoja, Inspekta. Zamani wenzetu walipandikiza alumina. Alumina ni ngumu, hata kisu hakiichani, lakini ugumu siyo uimara. Sahani nayo ngumu, idondoshe uone. Alumina ikipata ufa mwembamba kama unywele, basi ufa unatembea. Leo kidogo, kesho kidogo, kila mtu anapotafuna, mpaka siku inakatika. Zirkonia ufa ukianza, punje zake zinavimba palepale zinaubana. Nguvu yake ni mara mbili ya alumina, na zaidi."

"Na marehemu Mzee Anuari ulimpandikiza ipi?"

"Zirkonia. Mzizi na kichwa, kipande kimoja. Iko kwenye faili."

"Na mara ya mwisho kuliona jino lake?"

"Aprili. Lilikuwa zima kabisa, nimeandika." Alifungua faili akamwonyesha. Kweli alikuwa ameandika: jino zima, halina kasoro. "Mimi nilimwambia mzee siku ileile namwekea, jino hili litakuzika wewe. Sasa unaniuliza kama kofi linaweza kulivunja. Kofi la mkono mtupu? Haiwezekani. Huyo alipigwa rungu, au jiwe. Maelezo yangu mnayo, nimesaini."

Khairat aliomba kuondoka na lile jino la mfano. Daktari akampa, akacheka, akasema ajaribu na nyundo ya polisi.

Nje jua la Dodoma lilikuwa limeshakolea na upepo ulikuwa unazoa mchanga wa barabara ya Area C na kuwatupia watu machoni. Khairat alikaa kwenye gari, hakuwasha. Maelezo ya daktari yule ndiyo yaliyokuwa yanamnyonga mtu, na kila alipojaribu kuyatikisa yalirudi yamesimama vilevile.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Jumamosi jioni, karibu na soko la Majengo, gari la Mzee Anuari, mfanyabiashara wa mchele, lilirudi nyuma likamkanyaga mbuzi wa Meshack Mazengo, mfugaji wa Bahi aliyekuja mjini kumuuza. Wakatukanana. Meshack akamzaba mzee kofi. Watu wakawaamulia, kila mtu akaenda zake. Alfajiri ya Jumapili mzee akakabwa na kitu kooni, akafia njiani kabla ya kufika hospitali. Daktari aliyempasua alikuta kwenye koo la hewa kichwa cha jino la kauri, kimekatika shingoni, pale kinapokutana na mzizi. Mashahidi wawili walisema kofi. Wa tatu, aliyefika ugomvi umeisha, alisema aliona fimbo. Ala! Mfugaji gani wa Bahi anatembea bila fimbo? Lakini fimbo na maneno ya Daktari Thobias vilipokutana kwenye jalada, kofi likawa mauaji ya kukusudia, na mauaji hayana dhamana.

Kituoni, kwenye benchi la mapokezi, alikuwepo Anitha, mke wa Meshack, na kikapu chake cha chakula. Ilikuwa siku ya nane. Aliinuka kila siku kwa namna ileile.

"Shikamoo afande. Leo atatoka?"

"Marahaba. Bado, mama."

"Mlisema mnapima jino."

"Tunapima."

Anitha akakaa tena. Khairat alitamani yule mwanamke amtukane, ingekuwa nafuu.

Ndani, Afande Mbwana, mkuu wake wa upelelezi, alikuwa anafunga jalada kwa kamba ya karatasi. Alikuwa mtu mwema, lakini jalada likikaa mezani kwake zaidi ya wiki lilimwasha mwili mzima.

"Kesho saa mbili asubuhi hili linakwenda kwa wakili wa serikali," alisema. "Maabara wamekujibuje?"

"Wiki sita, afande. Wana foleni."

"Basi tumekwisha. Una nini kingine?"

"Nina wasiwasi."

"Wasiwasi hauna namba ya kielelezo, Khairat." Akatazama saa. "Mpaka jioni. Ikipita hapo, usinililie."

Alikwenda stoo ya vielelezo. Mtunza stoo, Konstebo Castory, alimjazisha fomu mbili, akagundua ya pili ni ya mwaka jana, akamjazisha nyingine. Kisha umeme ukakatika katikati ya kutafuta mhuri. Khairat alisimama gizani mle ndani, kichwa kinamgonga, akisikia Castory anapapasa droo na kuomba radhi. Ilipofika saa saba kasorobo alitoka na bahasha iliyofungwa, ndani yake kichwa cha jino la marehemu.

"Kirudi saa kumi afande," Castory alisema. "Nafunga saa kumi."

Mtu mmoja tu mjini alimjia akilini, na hakuwa mwanasayansi. Mzee Mrisho alikuwa sonara karibu na soko, miaka arobaini akipima dhahabu za harusi na za wizi. Mara mbili alikuwa amewasaidia polisi kutambua mikufu. Alipoona glavu na bahasha akafurahi. Alipoona kilichomo akarudi nyuma na kiti chake.

"Astaghafirullah! Khairat, mimi napima pete. Meno ya maiti sipimi."

"Shikamoo babu. Huyu ni Mzee Anuari."

"Marahaba. Anuari wa mchele?" Akarudisha kiti mezani. "Tulikuwa tunakunywa kahawa baraza moja." Akavuta mizani. "Unataka nini?"

"Dhahabu ukitaka kujua kama imechanganywa, si unaipima ndani ya maji?"

"Naipima kavu, halafu naitundika kwa uzi ndani ya maji. Nagawanya uzito wake kwa kile kilichopungua. Kila kitu cha dunia hii kina hesabu yake, na hesabu hiyo haihongeki."

"Nipimie hivi viwili. Kimoja cha mfano, kingine chake."

Alianza na jino la mfano. Alilifunga uzi, akalizamisha kwenye bilauri, akasubiri mapovu yaishe, akaandika nyuma ya kalenda. Hesabu ikatoka: mara sita ya maji, na pointi chache. Alirudia mara tatu, sita ileile.

Kisha akachukua kipande cha marehemu. Khairat alikishika mwenyewe kwa kibano mpaka uzi ukakaza. Mzee Mrisho alipima, akakunja uso, akabadilisha maji, akapima tena.

"Nne. Haifiki hata nne, kama tatu pointi tisa hivi. Hivi viwili si ndugu, hata majirani si majirani."

"Una uhakika, babu?"

"Hesabu hii naijua kuliko jina la mke wangu! Hii ni hesabu ya rubi. Vijana wa Mpwapwa wananiletea mawe kutoka machimboni, kila mmoja anaapa ni rubi. Nayatia kwenye maji. Yakitoka nne, rubi. Yakitoka mbili na nusu, namwambia mwanangu nenda ukajengee choo."

Khairat alitoa simu. Mtandao ulizunguka, ukazunguka, ukakata, akausonya, ukarudi. Hatimaye alisoma mstari mmoja akausoma tena: rubi ni alumina iliyochanganyika na chembe za wekundu.

Alumina, ile ya sahani. Daktari alikuwa amemwonyesha zirkonia kwa nyundo, na mzee alikuwa ametembea na alumina mdomoni.

"Subiri, sijamaliza," Mzee Mrisho alisema. Alikuwa amebana lenzi yake jichoni. "Hiki kimevunjika mara mbili. Hapa shingoni ni papya, peupe kama chumvi. Lakini hapa kwenye kona pamebanduka kipande, napo ni pa kahawia. Hiyo ni kahawa. Haikai siku moja ikawa hivi, naona meno ya wanabaraza wenzangu kila siku. Na kutoka kwenye kona hiyo kuna ufa umeteremka mpaka shingoni, nao umekunywa kahawa."

Khairat alimshukuru mpaka mzee akaona haya. Alirudi kituoni kwa mwendo ambao angemkamatia mtu mwingine.

Afande Mbwana alisikiliza yote. Kisha akampigia Daktari Thobias, akaweka sauti ya nje. Daktari aliomba neno alumina lirudiwe. Halafu akajibu bila kutetereka: kama ni alumina basi msambazaji ndiye aliyemdanganya, na hilo ni jambo jingine. Kona imebanduliwa na pigo lilelile. Kahawia hiyo ni damu iliyokauka. Aprili jino lilikuwa zima, kaandika.

Mbwana alikata simu.

"Sasa?"

"Afande, alumina inakatika kwa ufa wa siku nyingi, yeye mwenyewe kasema! Jino lilikuwa bovu kabla ya kofi."

"Lini? Nani alilikagua likiwa bovu? Wewe una mizani ya sonara na doa. Yeye ana faili la Aprili lenye saini. Mahakamani watamsikiliza nani? Niletee mtu aliyeliona limevunjika kabla ya Jumamosi ile. Mmoja tu."

Khairat alitoka akiwa na hasira za kuweza kupiga ukuta. Alikaa kwenye meza yake, akafungua nakala za maelezo, akasoma upya kila karatasi. Ya mjane alikuwa ameipitia siku ya kwanza na kuiwekea saini yake mwenyewe: *Marehemu alilala akilalamika maumivu makali ya taya.* Alishuka mpaka chini, penye saini ya mtoa maelezo. Palikuwa pameandikwa: *Rahimu Anuari, kwa niaba ya mama.* Aliyeyaandika alikuwa Castory, aliyeazimwa kutoka stoo siku ile.

"Castory!"

Castory alikuja mbio.

"Maelezo haya ulimhoji nani?"

"Mama mjane, afande. Ila mama yuko eda, mimi mwanamume, nikaona si adabu kuingia. Nilisimama mlangoni nikawa namuuliza mwanawe, naye anaingia ndani anamuuliza mama, anarudi na jibu."

"Ulimsikia mama akisema neno lolote?"

"Hapana, afande. Nilisikia kikohozi."

Lo! Siku nane mtu yuko mahabusu, na mtu pekee aliyelala chumba kimoja na marehemu usiku ule hajaulizwa. Na saini iliyopitisha upuuzi huo ni ya Khairat. Hakuwa na wa kumgombeza isipokuwa yeye mwenyewe, na muda huo nao hakuwa nao. Ilikuwa saa tisa na nusu. Alichukua bahasha ileile, Castory akamkumbusha habari ya saa kumi, naye Khairat akamwambia afunge stoo akalale nayo akipenda.

Nyumba ya Mzee Anuari ilikuwa Majengo, mlango wa kijani. Rahimu, kijana wa miaka thelathini na ushee, alikuwa uani anapepeta mchele. Khairat aliomba kumwona mama, wao wawili tu. Rahimu alisema mama hayuko katika hali ya kuhojiwa, maelezo yalishatolewa.

"Yalitolewa na wewe," Khairat alisema. "Mimi ni mwanamke, eda hainizuii. Pisha."

Mjane, aliyeitwa Mwanaharusi, alikuwa amekaa kwenye mkeka, tasbihi mkononi, mwanamke mnene wa miaka sitini na kitu, macho yamevimba. Khairat alivua viatu, akaamkia, akatoa pole. Waliulizana habari za nyumbani kama inavyopasa. Ndipo akauliza, polepole, usiku ule wa Jumamosi mzee alikuwaje.

"Alikuwa na hasira ya kupigwa na mtu mdogo. Maumivu sikuyaona. Alikula. Tena alitafuna paja la kuku mpaka mfupa."

"Hakulalamika taya?"

"Nani kasema alilalamika taya?"

Khairat aliandika jibu hilo. "Na asubuhi?"

"Alisali alfajiri, akaomba kahawa na kashata. Aliuma kashata moja, nikasikia kah! Akaanza kukohoa." Alifunga macho. "Nilimpiga mgongoni, mwanangu. Nilimpiga mgongoni mpaka mkono ukafa ganzi."

Khairat alimwacha apumue.

"Mama, lile jino lilikuwa limewahi kubanduka kabla?"

Tasbihi ilisimama. Mwanaharusi alitazama mlango, akatazama mkeka. Alikaa hivyo mpaka Khairat akasikia ungo wa Rahimu huko uani umenyamaza. Kisha mama akaingiza mkono chini ya mto, akatoa leso iliyofungwa fundo.

"Nimekuwa naogopa mtu asije akaniuliza hili," alisema. "Siku ya tatu ya Ramadhani, anafungua saumu, akauma kokwa ya tende. Kipande kikamtoka. Akakiosha, akanipa, akasema niwekee, nizikwe nacho, kila kilichotoka mwilini mwangu nakitaka. Nikamcheka. Nikamwambia hicho si mwili, hicho kigae! Akasema nimelala nacho miaka miwili, siyo cha daktari tena. Baada ya Idi akaenda kwa daktari wake, naye akamsugulia ncha tu ya ile kona iliyokuwa inamkata ulimi, akamwambia mzee nenda, hili jiwe."

"Baada ya Idi. Aprili?"

"Aprili hiyo. Nilikwenda naye mimi."

Khairat aliandika.

"Siku ya msiba nyumba ilijaa watu," Mwanaharusi aliendelea. "Nikasahau. Nilipokumbuka, wanaume walishatoka na jeneza. Nikaona haya kumwambia mtu. Nikasema labda jino la dukani halihesabiwi. Sikumuuliza hata shehe. Siku nane nalilalia hapa, na mume wangu kaenda kapungua."

Alifungua fundo. Kipande kilikuwa kidogo kama punje ya mchele. Khairat alivaa glavu, akafungua bahasha, akaleta kona ya jino karibu na kile kipande. Hakusukuma. Kiliingia chenyewe, kikakaa, isipokuwa kwenye ncha iliyosuguliwa. Upande wa jino ulikuwa wa kahawia. Upande wa kipande, uliokuwa ndani ya leso tangu Ramadhani bila kuonja kahawa, ulikuwa mweupe kabisa. Hiyo haikuwa damu ya Jumamosi; jino lilikuwa limekunywa kahawa siku nyingi baada ya kipande kutoka.

"Mama, usimpe!" Rahimu alikuwa amesimama mlangoni. "Ukimpa hicho, yule mtu atatoka!"

"Ndiyo wewe uliyesema baba yako aliumwa taya?"

"Alimpiga baba hadharani, mama! Mbele ya wateja wake! Aachiwe hivihivi?"

"Nimekuuliza, ndiyo wewe?"

Rahimu aliinamisha kichwa.

Mwanaharusi aligeuka kwa Khairat. "Baba yake kauawa na nani, basi?"

"Jino, mama. Aliuziwa kauri dhaifu kwa jina la ile imara. Daktari aliliona limeanza kuvunjika, akaandika ni zima. Yule wa Bahi alimpiga kofi, na kofi atalijibu. Ila hakumuua."

Machozi yalimtoka mama na hakuyafuta.

"Nimemwombea mabaya mtu yule kila swala," alisema. "Mpaka mkewe nilimtia, na sijui hata jina lake."

"Anaitwa Anitha."

Mwanaharusi alikitazama kile kipande mara moja zaidi, akakifunga tena kwenye leso, fundo lake lilelile, akampa. "Kikimaliza kazi yenu kitarudi?"

"Kitarudi. Lakini kesi ya daktari inaweza kuchukua miaka, mama. Sitaki kukudanganya."

"Basi andika jina la mume wangu vizuri, kisipotee katika vitu vya watu."

Khairat aliandika jina, tarehe, na saa kumi na dakika ishirini. Mwanaharusi akasaini mwenyewe. Kisha Khairat akampigia Afande Mbwana, akamwambia jalada lisitoke, mtu aliyeliona amepatikana, na kipande anacho mkononi. Mbwana aliuliza mara mbili kama ana uhakika. Kisha akasema atamwita yule mwanamke wa kwenye benchi.

Alikuwa anavaa viatu pale mlangoni aliposikia anaitwa.

"Yule mbuzi," Mwanaharusi aliuliza kutoka ndani. "Alikufa?"

"Alikufa, mama. Jike, na alikuwa na mimba."

"Rahimu," mama alisema. "Kesho uende mnada wa mbuzi."

Rahimu alichukua ungo wake, akakaa, akaendelea kupepeta.

"Rahimu."

"Nimesikia, mama," alisema.